Kusoma Uzamili Bila Kuihama Nyumba: Mwongozo kwa Wazazi wa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu ni wa mzazi mwenye kazi anayeishi Mbeya, Iringa, Njombe, Mafinga, Tukuyu au mji mwingine wa Nyanda za Juu Kusini, ambaye anataka kusoma shahada ya uzamili au ya uzamivu wakati nyumbani kuna watoto, kuna mwenzi, na mara nyingi kuna mzazi mzee wa kutunzwa. Zamani uamuzi kama huo ulimaanisha kufunga mizigo na kwenda Dar es Salaam au Morogoro. Sasa Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pamoja na ndaki ya Chuo Kikuu Mzumbe, Iringa ina Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa na chuo kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo vyake mikoani. Ukaribu huo ni neema, lakini una hatari yake: kwa kuwa unalala kwako, kila mtu anahesabu kwamba upo, nawe mwenyewe unajihesabu hivyo hivyo, hata pale ambapo kwa miezi mingi umekuwa ukipita sebuleni kama mpangaji.

Nilisoma uzamili nikiwa mwalimu wa sekondari mkoani Iringa na mama wa watoto watatu, na masomo yangu yalikuwa Mbeya. Nilitarajia kumaliza kwa miaka miwili. Nilimaliza kwa mitatu. Mwaka wa vipindi darasani, ambao watu wote walinionya juu yake, ulibebeka, kwa sababu ulikuwa na ratiba, na penye ratiba familia hujua lini itakupata. Mwaka ulioiumiza nyumba yangu ni ule wa kuandika tasnifu (andiko la utafiti la kumalizia shahada), ambao hauna kengele ya kuingia wala ya kutoka. Kwa hiyo hatua zilizomo humu zinaelekea kwenye jambo moja: kuipa familia saa zake, zilizoandikwa na kujulikana na wote, kabla tasnifu haijaanza kuzila.

Hatua ya 1: Kaeni kikao kabla hujalipa ada ya maombi

Kikao kifanyike baada ya chakula cha jioni, siku ambayo hakuna aliyechoka sana, na wahudhurie wote watakaoguswa: mwenzi wako, watoto kuanzia wale wanaoweza kusema wanachotaka, bibi au babu mnayeishi naye, na dada wa kazi kama yupo. Weka mezani mambo matatu. La kwanza ni gharama zote, yaani ada, nauli, malazi, uchapaji na vifurushi vya intaneti. La pili ni muda wa masomo, ukihesabiwa kwa miezi. La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni orodha ya kazi unazozifanya wewe kila wiki na ambazo mtu mwingine atalazimika kuzishika. Andika hata zile ndogo: nani hununua LUKU kabla umeme haujaisha, nani hukagua madaftari ya watoto, nani hukumbuka siku ya kliniki ya mtoto mdogo, nani huenda kwenye kikao cha wazazi. Usipoziandika, zitamwangukia mtu mmoja bila yeye kuulizwa, na mtu huyo ndiye atakayeyachukia masomo yako.

Katika kikao chetu nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya fedha. Binti yangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka 9, alisikiliza yote kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa mama, Jumamosi nani atanisuka?" Sikuwa na jibu. Kila Jumamosi alasiri alikaa kwenye kigoda kati ya magoti yangu, nami nikamfumua, nikampaka mafuta na kumsuka mistari ya wiki inayofuata, na katika saa hizo mbili ndipo aliponieleza yote yaliyompata shuleni, tangu nani kagombana na nani hadi hesabu zilizomshinda. Baba yake akasema, "Hilo liandikwe, mama. Ukiwa safarini, basi iwe Jumapili ukirudi." Tukaliandika kwenye kaunta buku, chini ya ada na nauli. Nawe usikilize kwa makini swali la namna hiyo likitoka kwa mtoto wako, kwa sababu yeye anazijua saa zinazomhusu kuliko unavyozijua wewe.

Iwapo mwenzi wako anakubali kwa mdomo huku uso unakataa, subiri dirisha la udahili linalofuata. Mwaka mmoja wa kusubiri ni mfupi ukilinganishwa na miaka miwili ya kusoma katika nyumba iliyonuna, na mara nyingi anayekataa ana hofu moja mahususi, ya fedha au ya kuachwa na mzigo wa watoto peke yake, ambayo mkikaa mkaizungumza huweza kupatiwa ufumbuzi. Kazini nako, omba ruhusa kwa maandishi kupitia kwa mkuu wako wa kazi na utunze nakala ya kila barua, maana ahadi ya mdomo huondoka na bosi aliyeitoa anapohamishwa.

Hatua ya 2: Hesabu saa zako kwa kalamu

Watu wengi huanza masomo wakiwa na imani kwamba "muda utapatikana". Njia ya kuaminika zaidi ni kuhesabu. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ndani na nje ya darasa. Programu ya uzamili yenye krediti 180 inadai, kwa hiyo, saa 1,800. Miaka miwili ina wiki 104, na ukigawa utaona kwamba unahitaji zaidi ya saa 17 kila wiki, bila kupumzika Krismasi wala Pasaka. Angalia krediti za programu yako katika prospektasi ya chuo na ufanye hesabu hiyo mwenyewe.

Kisha geukia wiki yako. Ina saa 168. Kikomo cha kawaida cha saa za kazi kwa wiki katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni saa 45. Usingizi wa saa 7 kwa usiku unachukua 49, na zinabaki 74. Mimi nilipoorodhesha kupika, kufua, kwenda sokoni, daladala, ibada na kujiandaa asubuhi, saa 38 zikaondoka, nikabakiwa na 36 ambazo ndani yake ilipaswa kuingia kila kitu kingine: masomo, watoto, mume, wageni na dharura. Nilipanga 18 kwa masomo. Kwa uhalisia nilizipata 12, na kwa saa 12 kwa wiki zile 1,800 huisha baada ya wiki 150, yaani karibu miaka mitatu, ambayo ndiyo niliyotumia. Laiti ningelifanya hesabu hiyo mwanzoni, ningeliwaambia watoto miaka mitatu, wala nisingekuwa mtu wa kusogeza ahadi mbele kila muhula.

Kuhusu wakati wa kusoma, nashauri alfajiri. Saa 10 hadi saa 12 alfajiri hakuna anayekuhitaji, simu hazilii, na akili haijachoka. Saa za usiku baada ya chakula ni zile zile ambazo mwenzi wako naye anazisubiri. Shida ya alfajiri katika mikoa yetu ni baridi, hasa Juni na Julai, na hapo natoa onyo ambalo nalitilia mkazo kuliko yote mengine: usiingize jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ili ujipashe moto ukisoma. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa wamesinzia. Vaa sweta mbili, jifunge blanketi, weka chai kwenye chupa tangu usiku, na jiko libaki nje.

Hatua ya 3: Unganisha kalenda tatu kuwa moja

Mzazi anayesoma katika ukanda huu anaishi ndani ya kalenda tatu ambazo hazikupangwa na mtu mmoja. Kuna ya chuo, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba na kuwa na mitihani ya muhula wa kwanza karibu na Februari na ya muhula wa pili karibu na Julai. Kuna ya shule za watoto, inayoanza Januari, yenye likizo ya Juni na ile ndefu ya Desemba. Halafu kuna ya mvua. Msimu wetu ni mmoja, unaanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei, na familia nyingi, hata za watumishi wa mjini, zina ekari moja au mbili za mahindi, maharage au viazi ambazo ndizo zinazojaza ghala la mwaka.

Chukua kalenda kubwa ya ukutani na kalamu za rangi tatu, kisha ujaze zote kwenye karatasi moja. Utakachokiona ni kwamba mikazo inaangukia mahali pamoja. Novemba chuo kinafungua, shamba linataka kupandwa, na kama wewe ni mwalimu, kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa. Juni na Julai mahindi yanavunwa, watoto wako likizo nyumbani wakitaka kuwa nawe, na mitihani ya muhula wa pili iko mlangoni. Ukiliona hilo mapema unaweza kupanga: kukodi vibarua wa kupanda kwa fedha iliyowekwa tangu Agosti, au kupunguza shamba kwa miaka ya masomo, au kulikodisha kabisa. Sisi tulilima nusu. Mama mkwe wangu aliumia sana moyoni, kwa sababu kwake shamba lililolala ni aibu, na ilinibidi niende kumwomba radhi kwa magoti kabla ya msimu kuanza. Alikubali kwa sharti kwamba nusu ile ilimwe vizuri.

Katika kalenda hiyo hiyo, tangulia kuandika siku za familia kabla ya siku za chuo: siku za kuzaliwa, ubarikio au komunyo ya mtoto, siku ya kufunga shule, Nanenane ambayo watoto wanataka kwenda kwenye maonyesho. Ukiandika za chuo kwanza, hizi nyingine zitaingia kwenye nafasi zilizobaki, na nafasi haitabaki.

Hatua ya 4: Chagua saa chache za familia na usiziguse

Kosa la mzazi mwenye hatia moyoni ni kuahidi mengi: "Wikiendi yote ni yenu," "Likizo tutakwenda ufukweni Matema." Mtoto hahitaji wikiendi yote. Anahitaji kujua kwamba saa fulani haitavunjwa. Kwetu zilikuwa tatu: chakula cha jioni mezani, simu zote zikiwa zimewekwa juu ya kabati, zile saa mbili za kusuka, na Jumapili baada ya ibada hadi saa 9 alasiri, ambapo hata kompyuta ilifungiwa chumbani. Pamoja na saa moja ya baba na mama siku ya Jumatano baada ya watoto kulala, ambayo usipoiandika haitakuwepo, kwa kuwa watu wazima wawili huvumiliana mno hadi wanapojikuta hawana tena la kuzungumza isipokuwa ada na LUKU.

Nieleze jinsi nilivyokosea, kwa sababu naamini wengi hukosea hapo hapo. Mwaka wa kwanza sikuivunja ahadi ya kusuka hata mara moja. Mwaka wa pili, nikiwa naandika sura ya mapitio ya maandiko, binti yangu alikuja na kigoda na chanuo, nikamwambia, "Nipe nusu saa, mwanangu." Nusu saa ikawa saa mbili. Wiki iliyofuata nikamwambia hivyo hivyo. Wiki ya tatu hakuja. Nilinyanyua kichwa saa 11 jioni, nikamwona anaingia kutoka kwa jirani akiwa ameshasukwa, mistari imenyooka vizuri, akanisalimia "Shikamoo mama" na kupita kwenda jikoni. Hakununa wala hakulalamika. Alikuwa amejipangia, kama mtu anavyojipangia gari jingine anapoona basi lake halijafika. Ilichukua miezi miwili ya Jumamosi mfululizo kabla hajaanza tena kunieleza mambo ya shuleni bila kuulizwa.

Kutokana na hayo natoa kanuni moja ya kutenda: saa ya familia ikifika, simama hata kama sentensi haijaisha. Andika kwenye karatasi maneno matatu ya kukukumbusha ulikuwa unataka kusema nini, kisha ufunge. Na ikitokea dharura ya kweli ya chuo, usiseme "baadaye". Taja siku na saa ya kulipa, uiandike kwenye kalenda mbele ya mtoto, na uilipe.

Hatua ya 5: Watunze wanaobaki na watoto

Masomo ya mzazi mara nyingi hubebwa na mtu ambaye jina lake halitatajwa kwenye mahafali. Kama ni bibi, mpe heshima ya kumweleza ratiba mapema, umwachie fedha ya matumizi mkononi ili asiombe, na usimfanye akose jumuiya yake wala kikoba chake kwa ajili ya vipindi vyako. Kama ni dada wa kazi, yapo mambo ya sheria na yapo ya utu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na mkoa wetu wa Iringa unajulikana nchi nzima kwa mabinti wanaochukuliwa vijijini wakiwa wadogo kwenda kulea watoto wa wengine. Mzazi anayetafuta shahada kwa kumnyima mtoto wa mwenzake darasa anafanya dhuluma, hata akimlisha vizuri. Ajiri mtu mzima, mkubaliane mshahara kwa maandishi, mpe siku ya mapumziko kila wiki, na siku ambazo masomo yamekurefushia kazi yake umwongezee malipo.

Baba naye asihesabiwe kuwa "anasaidia". Watoto ni wake. Mume wangu alichukua madaftari na maandazi ya asubuhi, na mwezi wa kwanza maandazi yalitoka magumu kama mawe; nilijizuia kumwingilia, na mwezi wa tatu watoto walikuwa wanayasifia kuliko yangu.

Hatua ya 6: Ukisomea mji mwingine, punguza safari na zipe thamani

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala, katika barabara inayobeba malori ya Zambia na Malawi usiku na mchana. Mwanzoni nilikuwa nikimaliza kipindi cha Jumamosi jioni natafuta gari la usiku ili watoto wanikute asubuhi. Niliacha baada ya usiku mmoja wa ukungu na mvua kwenye mteremko wa Inyala, ambao kila msafiri wa njia hiyo anaujua. Lala, uondoke na basi la asubuhi. Mtoto anafaidika zaidi na mama aliyefika saa 7 mchana akiwa salama na mwenye usingizi wake kuliko na mama aliyefika alfajiri na kulala kutwa.

Ukiwa mbali, piga simu saa ile ile kila siku, na iwe fupi. Saa 1:30 jioni ilitufaa, kabla ya chakula. Usitumie dakika hizo kuuliza nani hajafanya kazi ya shule. Muulize kila mmoja jambo moja la siku hiyo na umsikilize hadi mwisho.

Hatua ya 7: Itengenezee tasnifu kengele yake

Mara baada ya pendekezo la utafiti kupita, kaa na msimamizi wako mkubaliane tarehe: sura hii itawasilishwa lini, atairudisha baada ya siku ngapi. Muandikie barua pepe siku hiyo hiyo ukiyarudia mliyokubaliana, kwa lugha ya heshima. Mimi sura yangu moja ilikaa kwa msimamizi miezi mitatu bila neno, na miezi hiyo yote nilikuwa naishi kama mtu anayengoja gari kituoni: siwezi kwenda shambani na watoto kwa kuwa huenda itarudi leo. Haikurudi, nami sikwenda. Siku hizi nawashauri wanaonifuata kwamba kazi ikiwa mikononi mwa msimamizi, saa za masomo za wiki hiyo zigeuke kuwa za nyumbani, isipokuwa kama kuna sura nyingine ya kuandika.

Uchaguzi wa mada una uzito mkubwa katika jambo hili kuliko watu wanavyodhani. Mzazi mwenye mtoto wa kunyonya anayekwenda kukusanya data mikoa minne amejitafutia mateso. Utafiti mzuri unaweza kufanyika ndani ya kata unayoishi au mahali unapoweza kwenda na kurudi kwa siku moja; mtu wa Uyole ana wakulima wa viazi mlangoni, na mtu wa Tukuyu amezungukwa na chai, ndizi na parachichi. Panga ukusanyaji wa data usigongane na msimu wa kupanda, kwa faida yako na ya wale unaowahoji, ambao Desemba hawana muda wa dodoso.

Mambo ya vifaa nayapitia haraka. Tumia programu ya kutunza marejeo kama Zotero, ambayo ni ya bure, tangu makala ya kwanza unayosoma, kwa maana kutengeneza orodha ya marejeo mwishoni kwa mkono kunaweza kula wiki nzima za jioni. Tunza nakala ya kazi mahali pawili tofauti, flashi na hifadhi ya mtandaoni, na uihifadhi kila unapofunga. Umeme hukatika, na mtoto wa miaka miwili hufika kwenye kikombe cha chai kilicho karibu na kompyuta kabla hujageuka.

Hatua ya 8: Misiba, harusi na jumuiya

Hili ni gumu, na sidhani kama lina jibu moja. Katika jamii zetu, Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasafwa na wengine, msiba ni wa watu, na anayekosekana hukumbukwa. Hakuna atakayekuelewa ukisema ulikuwa na semina. Nilichofanya ni kutofautisha. Msiba wa ndugu wa karibu, wa jirani wa nyumba kwa nyumba au wa mfanyakazi mwenzangu, nilikwenda nikakaa, na masomo yakasimama. Misiba mingine mmoja wetu alikwenda kwa niaba ya nyumba, na rambirambi ikatumwa kwa jina la familia. Vikao vya harusi nilijitoa kwa kueleza mapema, mbele ya mwenyekiti, kwamba nitachanga lakini sitahudhuria vikao, nami nikatoa mchango wangu kabla ya tarehe. Anayechanga mapema husamehewa mengi. Zamu ya jumuiya ilipofika kwetu hatukuikwepa, maana sala ile ya nyumbani iliwakusanya watoto, bibi na majirani mahali pamoja, nami nikiwemo.

Hatua ya 9: Jua lini uombe kuahirisha masomo

Vyuo vina utaratibu wa mwanafunzi kuahirisha muhula au mwaka kwa sababu za ugonjwa, uzazi au matatizo ya familia. Utaratibu huo upo kwa ajili ya mwanafunzi, na kuutumia hakumpunguzii mtu hadhi. Kinachomharibia ni kutoweka kimya, kwa sababu usajili unaendelea kuhesabiwa, ada inadaiwa, na muda wa juu wa kukamilisha shahada unazidi kukimbia. Andika barua kabla muhula haujafika mbali, uambatishe ushahidi, na uondoke na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mama anayetarajia kujifungua katikati ya masomo ajue kwamba kwa mwajiri sheria inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja, lakini likizo hiyo ya kazini haisimamishi kalenda ya chuo. Huko lazima aombe peke yake. Usiipange ile likizo kuwa muda wa kuandika tasnifu. Nimewaona waliojaribu, na mtoto mchanga hakuwapa nafasi, wala hakupaswa kuwapa.

Dalili zinazonifanya nimshauri mtu aahirishe ni hizi: mtoto ambaye maendeleo yake ya shule yameporomoka kwa mihula miwili mfululizo, mwenzi ambaye ameacha kabisa kuuliza masomo yanaendeleaje, usingizi chini ya saa 5 kwa wiki nyingi, na mzazi mgonjwa ambaye hana mtu mwingine. Moja kati ya hizo inatosha kuitisha kikao kingine cha familia, mkiwa na lile kaunta buku mlilolianza nalo.

Hatua ya 10: Rudisha saa ulizokopa

Baada ya kutetea tasnifu kuna masahihisho, ambayo huchukua wiki au miezi, kwa hiyo usiwatangazie watoto kwamba umemaliza siku ile unapotoka kwenye chumba cha utetezi. Tangaza siku ambayo tasnifu imejalidiwa na kukabidhiwa maktaba. Kisha fungueni daftari, mpitie ile orodha ya kazi ya hatua ya kwanza, na muulizane ni zipi zirudi kwako na ni zipi zibaki zilipo. Maandazi yalibaki kwa baba. Madaftari ya mtoto wa kati yalirudi kwangu kwa ombi lake mwenyewe.

Binti yangu alikuwa na miaka 12 wakati huo, na alikuwa amejifunza kusuka. Jumamosi ya kwanza baada ya kukabidhi, nilikaa na kigoda changu nikimsubiri, akaja na mdogo wake wa kike, akamkalisha mbele yake, akanipa mimi chanuo na kopo la mafuta nimshikie. Saa zile mbili tunazo hadi leo. Siku hizi tunazikaa watu watatu.